Risasi ya Nyati wa Chemchemi

Tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya matete ya chemchemi, na ndani ya matete hayo alijificha nyati aliyejeruhiwa.

Lusajo ndiye aliyemjeruhi juzi, kwa risasi laini ya kuwindia swala. Desturi ya mji ilikuwa moja: aliyejeruhi ndiye amalizaye. Maganda ya risasi alikwisha kuyajaza baruti, yakabaki kungoja vichwa vyake tu. Alikishika kichwa kigumu, akakipima kwenye mizani, akamwomba Mungu amwongoze, akakirudisha. Akashika kilicho laini, nacho akakirudisha.

"Baba Anyisile," mkewe Atupele alifoka, "ungechagua mke hivyo, ningezeekea kwetu!"

Majirani waliosimama mlangoni na ndoo tupu, wakiogopa kwenda kuteka maji, walicheka kwa uchovu.

"Laini itamkasirisha tu," alisema Lusajo. "Ngumu itampenya ifike hadi kwenye nyumba za watu."

"Basi zipe nyumba mgongo, upige kuelekea mlimani! Hilo nalo ni la kumsumbua Mungu tangu alfajiri?"

Lusajo akatazama nje. Atupele naye akatazama, akaona upepo ukiusukuma ukungu kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye matete. Ungempelekea nyati harufu ya yeyote atakayezipa nyumba mgongo, naye angemvamia kabla hajapiga. Mumewe alilijua hilo tangu mwanzo.

Hasira ikamwisha.

Lusajo akakikandamiza kichwa kigumu juu ya ganda, akasimama.

"Mungu ananisikia, nanyi mnasikia," akawaambia wenye ndoo. "Nitasimama upande wa nyumba."