Asiyefaa Kuvishwa Nyota

Mguu wa tano ulinuka kuliko minne ya kwanza. Babu aliupandisha gotini kwake, akapitisha sindano yenye uzi kwenye lengelenge la kisigino, kisha akaukata uzi na kuacha ncha zikining'inia pande zote mbili.

"Usiung'oe. Maji yatafuata uzi, ngozi itabaki. Haya, mwingine."

Mwingine alikuwa Wakili, kijana mwenye shahada ya sheria na nyayo laini kama za mtoto mchanga. Alikaa kwenye sakafu ya bweni, akafumba macho.

"Babu, hii itauma?"

"Imeshauma. Mimi naimalizia tu."

Wenzake wakacheka, kicheko cha watu waliotembea kilomita arobaini na mizigo mgongoni. Babu hakucheka. Miguu yake mwenyewe ilikuwa bado ndani ya buti. Hakuwa na hamu ya kuiona.

Hakuwa babu wa mtu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, kumi na minane kati ya hiyo ameila jeshini. Tepe zake tatu za usajenti alizivua langoni mwa chuo ili asomee uafisa pamoja na vijana saba waliotoka vyuo vikuu moja kwa moja. Siku ya kwanza walimpokea kwa kejeli. "Shikamoo babu, umekuja kumtembelea mjukuu?" Twiga, mrefu kuliko wote, alimuuliza kama amekuja na dawa ya mgongo. Babu akamjibu kwamba anayo, na kwamba Twiga ataiomba kabla ya Ijumaa. Aliiomba Jumatano.

Kilichomleta ni kitu kimoja. Miaka yote hiyo alikuwa akipokea maluteni wapya, wabichi hawajui hili wala lile, akiwafundisha kazi bila kuwaaibisha mbele ya askari. Wakiiva, wanapanda cheo na kuondoka. Yeye anabaki kumpokea mwingine.

"Kumi na mmoja," mkewe alimwambia. "Nimewahesabu, baba watoto. Kumi na mmoja umewashika mkono, na leo ukikutana nao ni wewe unayepiga saluti. Nenda na wewe ukapigiwe."

Mwakani umri ungemfungia mlango. Ilikuwa safari hii au basi.

Na mbele yake kulikuwa na kura. Kapteni, mkufunzi wao, aliwaambia mapema: siku ya mwisho kila mmoja ataandika jina la mwenzake mmoja asiyefaa kuvishwa nyota ya uafisa, aeleze sababu na kuweka sahihi. Atakayepata zaidi ya nusu ya kura anarudi alikotoka.

"Mimi nawaona mkiwa mmejipanga," Kapteni alisema. "Ninyi mnaonana mkiwa mmechoka."

Kwa hiyo Babu aliishi nao kwa akili. Hakuwasimulia vita vyake. Hakusema "sisi zamani." Siku Wakili alipoongoza kundi na kupotea bondeni, Kapteni akiwa nyuma yao na daftari lake, Babu aliinama karibu naye kana kwamba anafunga buti.

"Kilima kile kiwe begani kwako kushoto," alinong'ona. "Sema kwa sauti, kama umekiona mwenyewe."

Wakili akasema kwa sauti. Jioni alimfuata Babu kwenye mabomba ya kufulia.

"Mbona hukuniacha nianguke?"

"Ungeanguka na chakula chetu. Mimi nilikuwa na njaa."

"Sitasahau, Babu."

"Sahau. Ila kufua soksi usisahau."

Miezi ikapita, kejeli zikaisha zenyewe. Zamu ya Babu kuongoza ilipofika, walivuka mto na mizigo yao yote bila mtu kuuliza kwa nini hapa na si pale. Jina la Babu lilibaki, ila sasa walilitamka kama cheo. Mwili wake ulikuwa umechoka hadi kwenye kucha, lakini ndani ya uchovu ule alianza kutumaini, na hilo halikumpendeza. Tumaini nalo ni mzigo, na halina mkanda wa kushikia.

Asubuhi baada ya matembezi yale ya kilomita arobaini, waliandika kura zao. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mchana Kapteni akamwita Babu ofisini.

Karatasi saba za wenzake zilikuwa zimepangwa mezani.

"Soma majina," Kapteni alisema.

Babu alisoma la kwanza, akasoma la pili. Alipofika la nne aliacha kusoma, akawa anatazama tu. Lilikuwa jina lake, lake, lake, kwa miandiko saba. Aliiona tena miguu yao juu ya goti lake, mmoja baada ya mwingine.

"Asante ya punda," alisema polepole, wala hakumalizia.

Kapteni alikuwa akitazama dirishani.

"Naondoka lini, afande?"

"Kesho. Tepe zako ziko stoo, utazichukua."

Babu akapiga saluti, akageuka.

"Sijakuruhusu. Hujasoma sababu, ziko nyuma ya karatasi."

"Sina haja nazo, afande."

"Ni amri."

Babu akarudi mezani. Akageuza karatasi ya Wakili. *Akivishwa nyota atapewa kikosi chake. Naomba arudishiwe tepe, awe sajenti wangu.*

Akageuza ya Twiga, kisha ya tatu, ya nne, mpaka ya saba. Kila mmoja alikuwa anamwomba kwa ajili ya kikosi chake.