Jiwe la Kufulia

Mkuu wetu wa makumbusho alikuja nyumbani kumjulia hali mama. Kumbe asubuhi hiyo mama alikuwa amelipindua jiwe lake la kufulia ili alisugue, na upande wa chini ulikuwa na ua la kuchongwa, limekatika katikati. Nusu yake ya pili iko kazini, ndani ya kabati la kioo. Mimi ndiye ninayewaambia wageni kwamba waliobomoa magofu yetu hawana haya.

Nikalikalia upesi. Maji ya sabuni yakapenya suruali.

"Shikamoo, mama," mkuu alisema.

"Marahaba, baba. Karibu." Kisha mama akanigeukia. "Wewe nawe, adabu umeipeleka wapi? Mpishe mgeni akae. Jiwe hilo marehemu babako alilibeba begani kutoka magofuni."

Mkuu alisimama, akingoja niinuke.