Chupa ya Rafu ya Juu

"Dripu ya sukari usiguse kabisa," Daktari Faudhia alisema kwenye simu kutoka Kasulu mjini. "Mtu aliyekauka kwa kuhara namna hiyo anataka dripu za Ringa. Unazo?"

"Zimeisha, daktari."

Ange alitamani kulia. Ringa zote alizimaliza mwenyewe. Huku vijijini Titye, mtu akichoshwa na jembe anakuja zahanati kutundikiwa dripu apate nguvu, na ukimnyima atakununia mpaka kanisani. Muuguzi mwenye moyo mgumu angewafukuza. Ange moyo huo hakuwa nao, akawa anawatundikia tu.

Kulikuwa na jambo bado hajamwambia daktari kwa aibu.

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Simu iko sakafuni. Mikono ina kazi."

"Anaweza kunywa?"

"Anatapika yote."

"Mapigo?"

"Yanasikika kwa shida. Macho yamezama. Ngozi ya tumbo ukiivuta, hairudi."

"Ndugu zake wako wapi?"

"Kibondo. Hapa hana mtu."

"Basi ita majirani wakusaidie!"

"Nimeita mpaka koo limekauka. Wote wako mashambani, wanapanda maharage. Reverien, mwenzangu wa zahanati, naye amesindikiza wagonjwa wa asubuhi, gari limekwama kwenye tope."

"Kwa hiyo uko peke yako. Pole, mdogo wangu."

Ile pole ilimwingia Ange hadi kwenye mifupa. Siku zote yeye ndiye alikuwa akiwapa watu pole, watoto kwa wazee, na leo alipopewa yeye hakujua aiweke wapi.

"Maji ya chumvi je? Chumvi tupu?"

"Chupa moja."

"Alhamdulillahi! Hiyo inatosha kuanzia. Itundike, ifungulie ikimbie. Gari jingine natuma, lakini halitafika upesi. Asipopata hayo maji sasa, halitamkuta."

Ange aliinua macho. Chupa ilikuwa palepale alipoificha mwenyewe, rafu ya juu kabisa ya kabati, mbali na macho ya waomba nguvu. Alijisifu sana siku ile kwa akili hiyo. Rafu ya chini, karibu na kiwiko chake, chupa za sukari zilikuwa zimejaa tele.

"Mana yanje, Mungu wangu," alinong'ona.

"Umeshaitundika?"

"Iko rafu ya juu, daktari."

"Sasa?"

Ange aliendelea kuitazama chupa.

"Ange! Kama huifikii, panda kiti! Mtu anakufa hapo, wewe unanieleza habari za rafu?"

Ange aliuachia mpira wa kutafutia mshipa aliokuwa ameubana kwa magego. Ulilegea kwenye mkono wake wa kushoto, ukaanguka sakafuni karibu na simu.

"Siwezi kusimama, daktari," alisema. "Mgonjwa ni mimi."