Simu Janja, Mgongo Mjanja

"Inama," alisema mtaalamu wa viungo.

Fundi Saa akainama kidogo tu, akatoa mlio wa mlango uliokosa mafuta. Mkewe, aliyeketi pembeni na mkoba mapajani, akatazama dirishani. Mlio huo ulianza siku walipopata nyumba mpya ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani.

Walikuwa wahame Jumamosi, pamoja na friji na kabati la mbao ngumu. Fundi Saa, ambaye kazini hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko saa ya ukutani, aliapa kwamba kabati hilo halitapanda ngazi kwa mgongo wake. Alichohitaji ni neno la mtaalamu tu. Mkewe hangebishana nalo.

"Kwa macho naweza kudanganywa," mtaalamu alisema bila ubaya, akichomeka simu kwenye mshipi wa kitambaa. "Hii simu janja haidanganyiki. Ukiifunga kiunoni, inapima mgongo ukiinama, ukipinda, ukiinuka. Kesho shinda nayo, jioni mniletee."

Fundi Saa akaupokea mshipi kwa vidole viwili. Angeshindaje bila kuinama, naye kutwa huinamia meza ya saa?

Jibu alilipata asubuhi, mkewe akiwa ameshakwenda kazini, alipopiga magoti kumfunga baba mkwe kamba za viatu. Mzee huyo, kwa madai ya mgongo mbovu, hakuwa ameinama tangu ahamie kwao. Kijiko kikimdondoka, huokotewa. Hata mto hugeuziwa. Mgongo wa namna hiyo ndio hasa Fundi Saa aliouhitaji.

"Baba, nimekuletea mshipi wa kupasha mgongo joto. Uvae mpaka nirudi."

"Ubarikiwe, mwanangu," mzee alisema, akiinua mikono avalishwe. "Na ukumbuke kununua mtego. Panya wamezimaliza biskuti tena."

Kweli, walikuwa panya wa ajabu. Walikula biskuti za kopo zilizofichwa droo ya chini kabisa ya kabati, kisha wakafunika kopo.

Jioni Fundi Saa aliurudisha mshipi kiunoni mwake, akaenda kliniki akipiga mluzi. Alipomwona mkewe mlangoni akakumbuka kuguna.

Mtaalamu aliunganisha simu na kompyuta. Kwenye kioo kikatokea kijitu cha mistari, kimelala chali.

"Pole sana," mtaalamu alisema.

"Ndiyo maisha yangu," Fundi Saa alijibu kwa huzuni.

Kijitu kikaketi. Kikasimama wima. Kikanyata hatua chache, kikainama mpaka chini, kikachutama hapo kitambo kirefu, kikainuka kwa wepesi na kurudi kulala. Baada ya muda kikaamka tena, kikaenda kuinama vilevile. Safari ya tatu kikazungusha kiuno, kulia na kushoto, kama kuna ngoma inapigwa.

"Mgongo huu mzima kabisa," mtaalamu alisema. "Ningependa kuwa nao mimi. Kinachonishangaza ni hapa anapochutama. Anajisogeza nyuma kidogo, kama mtu anayevuta droo."

"Droo," mkewe alisema, akaufunga mkoba wake taratibu. "Kumbe panya ni wewe."

Fundi Saa angemtaja mzee, lakini hapo ingebidi akiri kwamba alimvika mshipi.

Jumamosi alibeba friji. Akabeba kabati, upande ule mzito, mpaka ghorofa ya nne. Aliposhuka akitweta, mkewe alimwonyesha mzigo wa mwisho, nao ulikuwa umeketi kwenye kiti mlangoni, mikono imeshainuliwa. Fundi Saa akachutama, akampakia baba mkwe mgongoni.

"Polepole, mwanangu, nisitoneshwe mgongo," mzee alimlalamikia sikioni walipofika ghorofa ya tatu, na makombo ya biskuti yakamdondokea Fundi Saa shingoni.