Wa Nyumbani Hawajambo?

Tangu wauzaji wa vipuri wote wawe mashine, sheria inataka salamu kwanza, oda baadaye. Ukikurupuka na "nataka kioo cha laptopu," unakatiwa simu. Mimi, fundi wa kompyuta, sheria hiyo naipenda. Nimelelewa Muheza, salamu kwangu si mzigo.

Kila asubuhi nikigeuza vitumbua, nampigia muuzaji wangu. Ananiulizia mume, magoti ya mama, hata paka. Nami namrudishia, "Na kwako, wa nyumbani hawajambo?" Mume wangu hunicheka: "Mashine ina nyumbani wapi?" Acha acheke. Tangu nianze kumuulizia watu wake, sijauziwa programu bandia wala kipuri kibovu.

Leo nimemshukuru kwa diski ya jana. Ilikuwa imeshatumika, lakini nzima. Niliifuta yote, nikapakia programu mpya, na mteja wangu, Mwalimu Shelukindo, akaondoka na kompyuta yake akiimba.

"Na kwako, wa nyumbani hawajambo?"

Kitumbua kikaanza kuungua.

"Hatujambo," akasema, "ila mwenzetu wa ghala la Korogwe hatumsikii tangu juzi."

"Pole, ndugu yangu." Ulimi ulitangulia. Macho yangu yalikuwa kwenye boksi tupu la diski, ambalo wafungashaji wameligonga muhuri ubavuni: *Imechomolewa kwenye mashine ya ghala, Korogwe.*

"Ukisikia lolote, utaniambia?"

Nikamwambia nitamwambia. Kisha nikaagiza betri mbili.