Uso wa Kabla ya Upasuaji

Kesho yake asubuhi mumewe angepasuliwa taya, na daktari alishasema wazi kwamba uso hautarudi ulivyokuwa. Swafiya alibakiwa na mwanga wa leo tu.

Mchoraji wa kule Gisozi, aliyempa kazi ya kuuchora uso huo, alikuwa amezikataa picha tatu alizompelekea. "Bibi, hizi ni za kitambulisho. Uvimbe nitauondoa kwa brashi, lakini macho siwezi kuyabuni. Mkalishe mlangoni, zima flashi, simu iwe sawa na macho yake. Na paka wake unayetaka nimchore naye, mpige vilevile."

Basi mzee wake akakaa kwenye kigoda mlangoni, kofia imevuliwa, paka amempakata kifuani. Alipoiona simu tu, akakaza shingo na kubana pumzi kama yuko mbele ya karani wa serikali.

"Pumua, mzee."

"Si napumua!"

Kigoda kilikuwa kifupi. Swafiya akashika mlango, akashusha goti la kushoto, kisha lile bovu la kulia, taratibu, mpaka yote mawili yakagusa saruji.

"Bibi we, umekosea kibla!" mzee akasema, na kicheko kikamtoka, mikunjo ya macho ikafunguka yote. Papo hapo mkono ukapanda kuziba shavu.

"Toa mkono."

"Pamevimba hapa, Swafiya."

"Najua pamevimba. Miaka arobaini na moja naliangalia shavu hilo. Toa."

Mkono ukashuka polepole, macho bado yamelowa kwa kicheko. Swafiya akabonyeza, akabonyeza tena.