Kikapu cha Ng'ambo ya Bonde

Kila Jumapili Bi Tunu na mumewe, Mwinshehe, walicheza kurusha visahani vya plastiki kwenye vikapu vya minyororo vilivyosimamishwa hapa na pale, na kila Jumapili Bi Tunu alikilalamikia kikapu cha mwisho, kilichokuwa ng'ambo ya bonde. "Huu si mchezo, ni safari," alisema, huku akirusha, akitembea na kumsimulia mambo ya wiki nzima.

Jumapili hii, kwa kuyahurumia magoti ya mkewe, Mwinshehe alikuwa amekisogeza karibu. Mtupo mmoja tu, kisahani kikanasa kwenye minyororo ya kikapu. Mwinshehe akapiga makofi.

Bi Tunu hakucheka. "Sasa mambo ya wifi nitakusimulia wapi?"

"Nyumbani, mke wangu."

"Nyumbani unasinzia."

Akashika kikapu upande mmoja, Mwinshehe akashika wa pili. Wakashuka bondeni, minyororo ikilia.

"Basi huyo wifi yangu..." akaanza.